Misuli Hujengwa Wakati wa Mapumziko



Ndugu msomaji, makala ya wiki hii inaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Nimeona ni bora niliandike, huenda likamkinga mtoto wa mwenzangu.

Miezi kadhaa iliyopita vijana saba wa mtaa wetu waliniomba, baada ya Swala ya Alfajiri, ruhusa ya kutumia ua wa msikiti kwa mazoezi ya viungo. Kamati iliridhia kwa furaha, kwani kijana anayeamka mapema na kuushughulisha mwili wake katika heri ni bora kuliko anayekesha kijiweni. Nami, ambaye kutwa huinamia daftari la mihtasari na vitabu vya stakabadhi, nikaona haya kubaki mtazamaji. Nikajiunga nao, na kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao, nikajipa kazi ya kuhesabu.

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Siku ya kwanza tulishindana kupiga pushapu. Kila aliyechoka nilimhimiza aongeze tano, kisha tano nyingine. Siku ya pili wengi wetu tulishindwa kuinua mikono sawasawa kwa ajili ya takbira, lakini niliwaambia kwamba maumivu ni dalili ya mafanikio na anayepumzika ni mvivu. Siku ya tatu mdogo wao, kijana wa miaka 17, hakuonekana. Jioni baba yake akanipigia simu: mikono ya mwanawe imevimba, na mkojo wake umekuwa na rangi ya kahawa.

Alilazwa siku nne akiwekewa maji kwenye mshipa. Daktari alitueleza kwamba msuli ukitumikishwa kwa ghafla kupita kiasi ulichozoea, nyuzi zake huweza kuvunjika kwa wingi, na vilivyomo ndani yake vikamwagika katika damu. Figo hubeba mzigo wa kuvichuja, na wakati mwingine huzidiwa. Alhamdulillahi, figo za kijana wetu zilisalimika. Nilipokwenda kumwomba radhi mzee wake, alinikaribisha barazani, kisha akaniuliza kwa upole: "Ustadhi, si wewe uliyetwambia kwamba mwili ni amana?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimewauliza wenye ujuzi na kusoma, na yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuyajua kabla sijafungua kinywa kuhesabu.

La kwanza ni kwamba zoezi huupa mwili agizo la kujenga, lakini ujenzi wenyewe hufanyika baadaye, tunapokula na kulala. Fundi mwashi hamwagi jamvi asubuhi na kupandisha ukuta juu yake jioni. Husubiri zege likaze. Baada ya zoezi zuri, msuli huendelea kujijenga kwa muda wa saa 24 hadi 48. Anayeutumikisha kwa nguvu tena kesho yake anapanda juu ya zege bichi. Kwa mwanafunzi wa mazoezi, siku tatu kwa wiki zinatosha kabisa. Sisi sasa tunafanya Jumapili, Jumanne na Ijumaa, na wanaofunga Jumatatu na Alhamisi wamepata nafasi bila ya kugongana na saumu zao. Siku nyingine tunatembea kwa miguu, jambo ambalo pia hupunguza ukakamavu wa viungo.

La pili ni kuhusu maumivu. Uchungu wa misuli kwa anayeanza ni wa kawaida, na aghalabu hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Si kipimo cha faida: mwili ukishazoea, uchungu hupungua ilhali msuli unaendelea kukua. Ama maumivu makali ya ghafla kwenye bega, kiwiko au goti, hayo ni amri ya kusimama.

La tatu ni kupanda ngazi kwa utaratibu. Katika pushapu ya sakafuni mtu huinua takriban theluthi mbili ya uzito wake. Mwenye kilo 60 anainua karibu kilo 40. Nani angempa kijana asiyezoea mzigo wa kilo 40 aunyanyue mara 50 kwa siku ya kwanza? Basi aanze kwa kusimama na kusukuma ukuta, ahamie kwenye meza au benchi imara, kisha pushapu ya magoti, na mwisho sakafuni. Akiweza mara 12 hadi 15 kwa umbo zuri, ndipo ashuke ngazi inayofuata.

Miguu nayo ianze kwa kuketi na kuinuka kitini bila kutumia mikono, kisha kuchuchumaa na kusimama bila kiti. Kwa mgongo, lala chali chini ya meza nzito isiyopinduka, shika ukingo wake na ujivute kifua kiufikie. Kwa tumbo, jiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, kwa sekunde 15 au 20. Fanya mizunguko miwili ya kila zoezi kwa wiki mbili za mwanzo, kisha mitatu. Pumzika dakika mbili baina ya mizunguko, shuka polepole, na uache ukiwa bado unaweza kufanya mara mbili au tatu zaidi. Hili la mwisho ndilo gumu kwa vijana, maana wanapenda kuonekana. Ni wajibu wetu wakubwa kuwafundisha kwamba kuacha kwa wakati ni nidhamu.

Mazoezi haya hayahitaji ada wala ukumbi, hivyo akina mama na mabinti wanaweza kuyafanya chumbani kwa stara yao. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, na mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza.

La nne ni chakula. Anayejenga misuli huhitaji takriban gramu 1.2 hadi 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 72 hadi 96. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa gramu 8, na kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Samaki, dagaa, kunde, choroko na dengu vyote vimo sokoni kwetu, wala hapana haja ya kununua makopo ya unga ya bei kubwa. Chai na andazi peke yake havimtoshi kijana aliyetoka kufanya mazoezi. Mwongezee mayai au bakuli la maharage. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila ya ushauri wa daktari.

La tano ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na kijana wa umri wa shule saa 8 hadi 10. Anayelala saa tatu na nusu usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri amepata saa saba na nusu, na kailula ya mchana ikajazia. Anayekesha na simu hadi saa saba usiku kisha akaja uani alfajiri, nasi sasa tunamrudisha nyumbani akalale.

Wazazi, zingatieni dalili hizi: mkojo wa rangi ya kahawa, misuli iliyovimba na kukaza, au udhaifu na maumivu yasiyo ya kawaida. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msimpe vidonge vya kutuliza maumivu ili aendelee na mazoezi, maana baadhi yake huziongezea figo mzigo.

Na tuwe na subira. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla ya umbo kubadilika, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuutumia msuli uliopo. Mabadiliko ya kuonekana kwa macho huchukua miezi miwili na zaidi. Wengi hukata tamaa katika wiki ya tatu kwa sababu kioo hakijawaambia kitu.

Kijana wetu alirejea uani baada ya daktari kumruhusu, na baba yake alikuja naye asubuhi ile, akaketi kibarazani kutazama. Tulimwanzisha ukutani. Kazi ya kuhesabu nimemkabidhi yeye. Akifika nane husema "Inatosha, pumzikeni", nasi sote, na mimi katibu wao, tunatii.

Wabillahi tawfiq.