Mtaalamu wa mazoezi akikuumiza, nani anakulipa?

Tuseme dereva wa bodaboda wa Rutamba ameanguka, kavunjika paja. Katibiwa Lindi mjini, na wiki kadhaa baadaye anapelekwa fiziotherapia ili goti lianze kukunja. Mtaalamu analikunja, mgonjwa analia, anaambiwa avumilie kidogo. Kesho yake eksirei inaonyesha mfupa umeachana tena.

Hiyo ni bahati mbaya au ni kosa? Na kama ni kosa, ni la nani?

Tukisikia "uzembe hospitalini", akili inakimbilia kwa daktari wa upasuaji. Wengi bado wanakumbuka Novemba 2007 pale MOI, Muhimbili: mgonjwa wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Lakini mtu wa mazoezi naye anaushika mwili wako, tena kwa wiki nyingi kuliko aliyekupasua. Anaweza kumuunguza mwenye kisukari kwa kifurushi cha moto kwa sababu miguu yake imekufa ganzi. Anaweza kumuacha mgonjwa wa kiharusi asimame peke yake kabla hajawa tayari, akaanguka.

Kisheria, hana kichaka cha kujificha. Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 inamtaka asajiliwe na awe na leseni, na fiziotherapia imo kwenye hilo kundi la wataalamu shirikishi. Ukilalamika Baraza la Madaktari Tanganyika, anaweza kuonywa, kusimamishwa au kufutwa kwenye rejista. Ila hapa watu wengi wanachanganya mambo: Baraza linashughulikia nidhamu. Fidia ya mguu wako haitoki huko.

Kuna jinai pia. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa mtu yeyote anayetoa tiba kwa uzembe unaohatarisha maisha au unaoweza kumdhuru mwenzake. Soma vizuri, ni *mtu yeyote*. Kwa hiyo mzee wa kijijini anayeunga mifupa na kukanda kwa maji ya moto hajaachwa nje, na yeye ana baraza lake la usajili, la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002.

Pesa inatafutwa kwenye kesi ya madai, na huko ndiko kugumu.

Anayedai ndiye anayethibitisha. Kuumia peke yake hakutoshi. Lazima uonyeshe kwamba mtaalamu alikuwa na wajibu kwako, akaukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliokuumiza. Kipimo kinachotajwa sana kilitoka Uingereza, kwenye kesi ya Bolam ya mwaka 1957: je, alichofanya kinakubalika kwa wenzake wenye ujuzi ule ule? Bolam mwenyewe alivunjika nyonga akipewa tiba ya umeme, na akashindwa kesi.

Maana yake ni kwamba unahitaji mtaalamu mwingine wa fiziotherapia aje aseme "mimi nisingefanya hivi". Fani yenyewe ni ndogo, wengi wamepita darasa moja pale KCMC Moshi. Kumpata wa kusimama mahakamani dhidi ya mwenzake si kazi ya siku moja. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kesi nyingi zinafia, hata kabla hazijafunguliwa.

Habari njema kidogo: huhitaji kumshtaki mtaalamu peke yake. Mwajiri anawajibika kwa kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini. Kama ni kliniki ya mtu binafsi, unaidai kliniki. Kama ni hospitali ya serikali, unaidai Serikali, ila kwanza unatoa notisi ya siku zisizopungua 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, halafu kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa watu wa Lindi, hiyo ni Kanda ya Mtwara, zaidi ya kilomita 100 kutoka Lindi mjini. Kwa mtu wa Rutamba mwenye magongo, ongeza na safari ya kufika huko Lindi kwenyewe.

Na saa inatembea. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3. Ukikaa kimya ukisubiri "wayamalize kifamilia", siku 90 za notisi nazo zinahitaji nafasi yake humo humo. Wakili ni gharama, lakini tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambulika, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza walipo.

Kwa upande wa wataalamu, kinachowaokoa ni karatasi. Aliyeandika kwamba alimpima mgonjwa, akamweleza hatari, akapata ridhaa yake na akasimamisha zoezi maumivu yalipozidi, ana cha kuonyesha. Aliyeandika "mazoezi yamefanyika" na kusaini, hana.

Wewe nawe tunza chako: kadi, risiti, eksirei ya kabla na ya baada, tarehe na jina la aliyekuhudumia. Usiiache eksirei hospitali. Omba jalada lako mapema, maana majalada hupotea.

Mtoto ana hesabu tofauti. Aliyeumizwa akinyooshwa mguu kifundo akiwa na mwaka 1, miaka yake 3 inaanza kuhesabiwa akifika 18. Ana mpaka 21 kudai. Swali ni nani atakuwa bado ana kadi yake ya kliniki.