Mota ya kuchonga ikigoma, usiihukumu kwa haraka

Mashine ndogo za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta si ngeni tena mijini. Mwanafunzi huitumia kutengeneza vipuri vya mradi wake, naye kijana wa jua kali huchongea vibao vya majina na mapambo ya mbao. Kwa kuwa mpya ni ghali, wengi hununua zilizokwisha kutumika ng'ambo, na haupiti muda kabla ya mota inayozungusha kisu kuanza kusumbua.

Inapogoma, wengi hukata shauri papo hapo kwamba imeungua na lazima inunuliwe nyingine. Subira yavuta heri. Huenda kosa ni fyuzi, mkanda au brashi za kaboni, vitu visivyofikia bei ya mota. Kagua sehemu moja baada ya nyingine, na mota iwe ya mwisho kulaumiwa.

Kabla ya yote, linda vidole vyako. Mota ikisimama katikati ya kazi, amri ya kompyuta ya kuizungusha huenda bado ipo. Waya uliolegea ukigusana tena, kisu kitazunguka ghafla huku mkono wako uko hapo. Kwa hivyo usikiguse kwa sababu tu kimetulia. Bonyeza kitufe cha dharura, zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, na ungoje angalau dakika 10 kabla ya kufungua kisanduku cha umeme. Umeme wetu wa volti 240 ukigeuzwa kuwa wa mkondo wa moja kwa moja waweza kufikia takriban volti 340, na kapasita huuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa.

Sasa ondoa kisu, kisha uzungushe mhimili wake kwa mkono. Ukikwama au ukikwaruza, toa mkanda unaouunganisha na mota na uzungushe kila kimoja peke yake. Mota ikizunguka vyema nao mhimili ukakwaruza, shida ni beringi au takataka zilizoingia humo.

Pili, soma kibati cha mashine. Iliyotengenezewa nyumba za Marekani hutumia volti 120, na ukiichomeka hapa bila transfoma ya kushusha umeme utaiunguza. Tazama pia fyuzi, kitufe cha dharura kama kimeachiliwa, na swichi ya kifuniko cha kinga.

Tatu, funga kila kitu mahali pake, rudisha umeme, na ujaribu mashine bila kisu. Ikiwa ina swichi ya kuendesha mota bila kompyuta, itumie. Mota ikizunguka kwa swichi hiyo lakini ikakataa amri ya kompyuta, basi ni nzima. Kagua waya na programu. Amri ya M3 ndiyo huzungusha kisu, lakini katika mashine nyingi haifanyi kitu bila herufi S na idadi ya mizunguko kwa dakika, kwa mfano M3 S2000.

Nne, ikiwa mota ni ya brashi, chomoa plagi tena, ungoje, kisha ufungue vifuniko viwili vilivyo ubavuni mwake. Brashi zikiwa fupi mno, zimevunjika au springi imelegea, badilisha zote mbili kwa pamoja. Ukizirudisha za zamani, kila moja irudi upande wake vile vile ilivyokuwa. Vumbi la kaboni na la alumini hupitisha umeme, kwa hivyo liondoe kwa brashi kavu. Cheche ndogo wakati mota inapozunguka si ajabu, lakini duara la moto ni dalili ya hatari.

Hapo ndipo unapohitaji kipima umeme. Plagi ikiwa nje, tenganisha nyaya mbili za mota na bodi, kisha upime ukinzani kati yake huku ukiuzungusha mhimili polepole. Kipimo kikikatika kabisa kila mara, chunguza brashi na ile shaba inayoguswa nazo. Halafu pima kati ya waya na mwili wa mota. Hapo pasiwe na njia ya umeme kabisa. Ikiwepo, umeme unavuja na unaweza kuua mtu. Mashine hiyo isitumike tena mpaka itengenezwe.

Ikiwa mota hukimbia kwa kasi zote bila kutii, zima mara moja, maana shida huenda ni bodi au nobu ya kasi. Ikiwa hupungua nguvu inapokata tu, kwanza badilisha kisu butu, punguza kina cha kukata na ukaze mkanda. Haifai kuilazimisha, maana joto ndilo huichoma.

Kupima bodi yenye umeme ni kazi ya fundi aliyehitimu. Mwambie yale uliyokwisha kukagua, naye hatapoteza muda wala pesa zako kuanza upya. Nawe mzazi, mwanao akianza kazi hii, mtazame kwanza kama amechomoa plagi.