Kiti Kilichojaa si Kazi Iliyofanyika



Paka akiondoka, panya hutawala. Ndivyo wasemavyo wakubwa wengi wa kazi kila wanapoombwa kumruhusu mfanyakazi atende kazi yake akiwa nyumbani. Sisi tuliofundishwa ualimu tunaikataa hoja hiyo. Tumemwona mwanafunzi aliyekaa wima asubuhi nzima, macho ubaoni, na daftari lake tupu. Kiti kilichojaa si kazi iliyofanyika.

Tutazame mfano wa kweli. Mwaka 2010, kampuni ya safari iitwayo Ctrip, mjini Shanghai nchini China, ilifanya jaribio pamoja na wataalamu wa uchumi, mmoja wao Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wapokea simu za wateja waliojitolea waligawanywa mafungu mawili: moja lilibaki ofisini, la pili likafanya kazi nyumbani siku nne kwa juma. Baada ya miezi tisa, kazi ya wale wa nyumbani ilikuwa imezidi kwa asilimia 13, na walioacha kazi kati yao walikuwa nusu tu ya wenzao. Panya hawakutawala.

Hata hivyo, wasishangilie upesi wale wanaotaka ofisi zifungwe kabisa. Wengi wa fungu la nyumbani walielemewa na upweke, wakachagua kurudi. Tena hawakupandishwa cheo kwa kadiri ya kazi yao. Kwetu maana yake ni wazi: watu walihamishwa, lakini desturi ya kumthamini anayeonekana ikabaki palepale.

Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ilijaribu njia ya kati kwa wafanyakazi 1,612: siku mbili nyumbani, tatu ofisini. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na wala kazi wala vyeo havikupata hasara. Wasimamizi wenyewe, ambao mwanzoni walitazamia hasara, waligeuza mawazo yao.

Basi, kosa ni la nani? Ni la mkubwa anayenunua programu ya kupeleleza kompyuta ya mfanyakazi badala ya kujifunza kupima kazi. Mwalimu mwema husahihisha daftari. Hahesabu kope za mwanafunzi. Ni kosa pia la yule anayefanya nyumba ya mtu kuwa ofisi isiyofungwa, akituma maagizo usiku wa manane, huku gharama ya umeme na intaneti akimwachia mfanyakazi. Ureno ilikataza hayo kwa sheria mwaka 2021: mwajiri alipe gharama zinazoongezeka, asimsumbue mtu saa za mapumziko, na awakutanishe wafanyakazi wa mbali na wenzao ili wasitengwe.

Nanyi, vijana, msijidanganye. Anayedai kuaminiwa sharti atoe kazi inayoonekana, hata kama yeye mwenyewe haonekani. Kesho baadhi yenu mtakuwa wakubwa wa kazi. Siku hiyo wekeni malengo yaliyo wazi, siku maalumu za kukutana, na cheo kwa aliyetenda, si kwa aliyekaa karibu na mlango wenu. Mkishindwa hayo, msimlaumu panya. Paka ndiye asiyejua kazi yake.