DEREVA NAYE ANA KWAO

Hakuna mwananchi wa Songwe asiyeijua thamani ya dereva wa lori. Shaba itokayo Zambia na Kongo, mafuta yaendayo huko, na mbolea ya wakulima wetu wa Mbozi, vyote hupita mikononi mwake. Lakini ni wachache wanaojiuliza swali hili dogo: mtu huyu hulala kwake siku ngapi kwa mwezi?

Tumtwae dereva ambaye kwao ni Isansa, wilayani Mbozi. Mbele yake ziko njia mbili. Ya kwanza ni safari fupi: kuchukua mahindi na kahawa kupeleka Mbeya, na kurudi na saruji au mbolea. Ashikaye njia hii huwaona watoto wake kila juma, lakini posho yake ni ndogo. Ya pili ni ndefu: kutoka bandari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 hadi Tunduma, kisha kuvuka nchi ya Zambia mpaka Kasumbalesa na kuingia Lubumbashi au Kolwezi. Huko posho ni nono, na ndiyo sababu vijana wengi huikimbilia. Lakini fedha hiyo huipata kwa kutoonekana nyumbani majuma kadha wa kadha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba njia hiyo ndefu humpitisha dereva huyo Mlowo na Vwawa, karibu kabisa na kwao, naye asiweze kupinda kona. Gari lina mzigo wa watu. Lina kifaa kinachomwonyesha tajiri mahali lilipo kila saa. Na akiliacha bila mlinzi mafuta yataibwa, naye ataambiwa ameyauza. Hupita huku akipiga simu tu. Akifika mpakani na kuikuta foleni, siku humpita akiwa wilaya ya pili tu kutoka kwao, wala hathubutu kuondoka, maana foleni ikisogea atapoteza zamu yake. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Msemo huo humwandama dereva huku na huku. Asipokuwapo katika foleni hukosa zamu. Asipokuwapo nyumbani, kahawa huchumwa na kuuzwa, na mambo ya shule ya watoto hukatwa, bila shauri lake.

Wako wasemao kwamba dereva amejichagulia mwenyewe. Sisi hatukubali. Mtu ambaye mshahara wake hautoshi, akawa anaitegemea posho ya safari, hakuichagua njia. Posho ndiyo iliyomchagulia. Tena pale ambapo posho hulipwa kwa safari, wala si kwa siku, kila siku inayopotea mpakani hupotea katika mfuko wake. Ndipo anapotafuta kuifidia kwa kuendesha usiku kucha, akateremka Kitonga au Senjele macho yakiwa mazito. Hivyo ucheleweshaji ulioanzia mezani mwa ofisi huishia katika ajali, na kuwaua hata watu wasiokuwamo katika lori.

Barabara hii ina historia ya heshima. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilibanwa upande wa kusini, na madereva ndio walioipelekea mafuta kwa njia ya vumbi na matope ambayo wageni waliiita ya jehanamu. Bomba la TAZAMA likawa tayari mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Leo barabara ina lami, na Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu, waliokuwa wakiongoza nchi hizi mbili, walikifungua kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde, ili kupunguza ukaguzi wa mara mbili. Hata baada ya hapo foleni ndefu zimeonekana. Mengi yamefanywa kumwondolea taabu mwenye mzigo. Mchukuzi wake bado anangoja.

Wala hatuombi fadhila. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi ya kawaida kwa juma, mapumziko ya saa 24 kwa juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Shirika la Kazi Duniani nalo, katika mkataba wake wa mwaka 1979, lilisema dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, wala zaidi ya saa 9 kwa siku. Madereva waliogoma Aprili 2015 walikuwa wakidai mikataba ya kazi. Hiyo si anasa.

Tunajua tajiri naye ana deni la benki, na lori lililosimama halimlipi kitu. Lakini lori halina haja ya kusimama ili mtu apumzike. Dereva wa Songwe na aikabidhi gari Tunduma kwa mwenzake, aende kwao siku zake, kisha aipokee nyingine. Siku za kungoja mpakani na zilipwe kama siku za kazi, maana ni kazi. Serikali na halmashauri, kwa upande wao, na ziweke maegesho yenye ulinzi wa kuaminika, na maofisa wa kazi wafike mpakani kuikagua mikataba ya madereva kama mizigo inavyokaguliwa.

Na ninyi ndugu zetu madereva, msikubali kuuza usingizi wenu. Shikeni umoja wenu, someni mkataba kabla ya kutia sahihi, na mkichoka simamisheni gari. Fedha ya safari moja hupatikana tena katika safari nyingine. Mtoto wa Isansa hana baba wa akiba.