TAHARIRI: Dhulma Iliyoanza kwa Kalamu



Kabla ya vijiji vya Warohingya kuchomwa moto, jina lao lilikwisha kufutwa. Sheria ya uraia ya Myanmar ya mwaka 1982 iliujenga uraia kamili juu ya makabila yanayotambuliwa na dola. Na katika orodha rasmi ya makabila 135, Warohingya hawamo. Huko Rakhine, Mrohingya akawa hasafiri wala haoi ila kwa kibali. Jeshi lilipowashambulia Agosti 2017, zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh, huku watawala wakiwaita Wabengali.

Kuwachangia chakula na nguo ni ibada, lakini gunia la mchele halirejeshi uraia. Mwaka 2019 Gambia, nchi ndogo isiyopakana na Myanmar, iliishitaki dola hiyo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Haikuufanya udogo wake kuwa udhuru. Je, sisi udhuru wetu ni upi?

Tuwaombee katika sijda zetu, tuwaite kwa jina lao, na tuzitake serikali zetu ziwadaie uraia, si mahema tu.

Wabillahi tawfiq.