Hatamu za Gari

Katika Hija ya mwaka wa 10 Hijria, Mtume (S.A.W.) alipoondoka Arafa alizikaza hatamu za ngamia wake, Qaswaa, akiwaashiria watu watulie; na kila alipofika mwinuko alizilegeza kidogo, ngamia apate kupanda.

Hatamu za gari ni gia. Dada uendeshaye Garissa, uonapo mbuzi au ngamia wakivuka, kanyaga breki mapema, kisha shusha gia: ya tatu, hata ya pili. Kwenye mteremko usitoe gia. Injini ikusaidie kuzuia mwendo, breki zisichemke. Sheria ya Kenya mjini ni kilomita 50 kwa saa, lakini wapitapo watoto waendao chuoni, hata 50 ni nyingi. Roho zao ni amana. Wallahu aalam.