Zima Auto, Lenga Mwenyewe

Wasee, leo nitawaudhi. Kama unacheza Silent Hunter III na umeachia gemu ikulengee topedo, wewe si kapteni, wewe ni abiria. Unaelekeza periskopu, unangoja kile kipembetatu kigeuke kijani, unabonyeza, meli inalipuka. Halafu unajigamba ati umeizamisha. Nani ameizamisha? Si ni kompyuta!

Najua mtasema hesabu yake ni ngumu. Ngumu wapi? Kitabu cha meli ndani ya gemu kinakuambia hii ina urefu wa mita 120. Simamisha nyambizi, tuliza periskopu, upime muda kuanzia pua iguse mstari wa katikati mpaka mkia upite. Sekunde 24? Basi inaenda mita 5 kwa sekunde. Topedo ya umeme ya Wajerumani, G7e, inaenda kama mita 15. Tano kwa kumi na tano ni theluthi, na pembe yenye tanjenti hiyo ni digrii 18 hivi. Jipange topedo iende moja kwa moja na ikate njia ya meli kwa digrii 90. Geuza periskopu digrii 18 upande meli inakotokea, na ikifika kwa mstari, fyatua. Umbali hauhitaji kuujua, bora meli isiwe nje ya masafa, kwa sababu uwiano wa mwendo haubadiliki. Hii ni hesabu ya sekondari, ile tuliapa hatutaitumia popote.

"Lakini nitakosa!" Ndiyo, utakosa, na utajua kama ulikosea mwendo ama pembe. Auto ikikosa, unajifunza nini?

Na msiniambie auto ndiyo uhalisia ati manahodha walikuwa na mashine ya kukokotoa. Mashine haikuona meli. Macho ya mtu ndiyo yaliipa namba. Na kukosea kulikuwa na bei: karibu robo tatu ya mabaharia wa nyambizi za Ujerumani hawakurudi. Hata topedo yenyewe ilikuwa hatari. Oktoba 1944, USS Tang ya Marekani ilizamishwa na topedo yake iliyozunguka ikairudia.

Gemu ikikufichia hayo yote, umebaki na katuni. Zima auto wiki moja tu. Meli moja uliyoipigia hesabu mwenyewe ina utamu kuliko ishirini za kupewa.